Kawaida Yako Ni Pedi Ngapi?

Kama kuna jibu linalonitia wasiwasi kuliko mengine yote ninayopewa kazini, ni hili: "Kawaida tu, nesi." Namuuliza mama siku zake zinakwendaje, anainamisha macho, anaivuta kanga begani, anasema kawaida tu. Namwomba atazame juu, nalivuta kope la chini la jicho lake kwa kidole, na pale ndani panapotakiwa kuwa pekundu nakuta pamepauka. Mwanamke huyo hana damu ya kutosha. Tukikaa tukazungumza bila haraka, mara nyingi inabainika kwamba damu hiyo haikumalizwa na malaria wala lishe duni peke yake. Imekuwa ikimtoka mwezi baada ya mwezi, kwa miaka, naye anaiita kawaida.

Mimi ni muuguzi mkunga, na kazi yangu imekuwa huku Mkuyuni na vijiji vinavyopakana nayo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Ukitoka Morogoro mjini unaingilia Bigwa, unapita Kiroka, unafika kwetu, na barabara inaendelea Matombo na Mvuha hadi Kisaki. Ni nchi ya ndizi, machungwa, pilipili manga, mdalasini na karafuu. Mazao hayo hushuka mlimani vichwani mwa wanawake, kwenye vijia vya mteremko ambako gari haliwezi kufika. Kwa hiyo kwetu dalili ya kwanza ya upungufu wa damu huwa haionekani hospitalini. Inaonekana njiani, kwa mama anayetua mzigo kila kona.

Nitamweleza mmoja, bila kumtaja jina wala kijiji. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wanne. Hakuja kwa ajili ya hedhi. Alikuja kwa sababu moyo ulikuwa unamwenda mbio na masikio yanamvuma. Alishapita kwingine akapimwa malaria, akaambiwa hana, akapewa dawa za maumivu akarudi nyumbani. Mkungu wa ndizi aliokuwa akiufikisha barabarani kwa kupumzika mara moja, sasa ulikuwa unamshinda. Mdomoni alikuwa anatafuna udongo, ule wa vijiti unaouzwa sokoni, na alipoona nimeuona akauficha kiganjani. Nikamwambia asiufiche, kwa sababu ulikuwa unanisaidia kumwelewa. Hamu ya kula udongo, au barafu, ni jambo tunaloliona sana kwa watu walioishiwa madini ya chuma.

Nilipomuuliza kuhusu siku zake akasema kawaida. Basi nikabadilisha swali.

"Usiku unaamka kubadilisha?"

"Naamka."

"Mara ngapi, mwanangu?"

"Siku ya kwanza mara moja. Ya pili na ya tatu, mara tatu."

"Unavaa kitambaa kimoja?"

"Viwili, na pedi ndani nikiwa nayo. Na chini natandika mfuko wa nailoni."

"Mabonge?"

Akanyamaza, kisha akakunja kidole gumba na cha shahada vikafanya duara. Bonge la ukubwa wa sarafu, mengine zaidi. Siku zake zilikuwa tisa. Mwezi ukiwa mzuri, nane. Tukamtoboa kidole, damu yake ikasoma gramu 6.8 kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linamhesabu mwanamke asiye mjamzito kuwa ana upungufu wa damu akiwa chini ya 12, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Mama huyu alikuwa amepanda na kushuka mlima akiwa na nusu tu ya damu anayostahili kuwa nayo.

Naomba msomaji azingatie kitu kimoja katika mazungumzo yale. Swali la kwanza lilikuwa juu ya kawaida, na jibu lake halikunipa chochote. Maswali yaliyofuata yalitaka hesabu, na kila jibu lilikuwa ushahidi. Ndiyo maana ninaandika: tuache kuieleza hedhi kwa maneno "nyingi" na "kawaida", tuieleze kwa hesabu.

Sasa hesabu zenyewe. Kwa wanawake wengi, damu inayotoka katika hedhi nzima, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ni kama mililita 30 hadi 40. Hiyo ni vijiko sita hadi vinane vya chai, kiasi ambacho huwashangaza wengi ninaowaambia. Watafiti kwa muda mrefu waliweka mpaka kwenye mililita 80, wakisema inayozidi hapo ni nyingi mno. Siku hizi madaktari hawakutaki upime mililita. Wanauliza kama damu hiyo inakuharibia afya yako, kazi zako, usingizi wako, masomo yako, ndoa yako. Kama ni hivyo, ni nyingi, na una haki ya kutibiwa.

Zipo alama ambazo kila mwanamke anaweza kuziona bila mashine. Hedhi inayopita siku 8. Pedi au kitambaa kinacholowa chapachapa ndani ya saa moja, kisha kinachofuata vilevile. Kulazimika kuvaa viwili kwa pamoja. Kuamka usiku kubadilisha. Mabonge yenye upana wa sentimita mbili na nusu na zaidi. Kukosa shamba, soko, shule au kanisa kwa kuogopa kuchafuka. Na mzunguko wenyewe, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi moja hadi siku ya kwanza ya inayofuata, unatakiwa uwe kati ya siku 24 na 38. Mwanamke anayeniambia anaona siku zake mara mbili kwa mwezi namwandika palepale.

Kwa nini basi jambo linaloonekana waziwazi hivi linafichika miaka na miaka? Waluguru, kama jirani zao Wakutu na Wazaramo, wana desturi ya kumweka mwali ndani. Binti akivunja ungo anafundwa na wakubwa wake: usafi, adabu, namna ya kuishi na mume, na zaidi ya yote, siri. Kitambaa chake kisionekane na mwanamume, kisianikwe hadharani, asitangaze yuko mwezini. Sina ugomvi na mafundisho hayo. Mimi mwenyewe nimepita humo, na kuna hekima nyingi. Lakini katika yote niliyofundwa hapakuwa na aliyeniambia siku ngapi ni nyingi mno, wala vitambaa vingapi. Makungwi wetu wanaaminiwa kuliko nesi yeyote. Laiti wangeongeza jambo hilo moja katika mafunzo yao, wangeokoa watu wengi.

Siri hiyo ina tatizo lingine. Mwanamke anayejificha anabaki na watu wawili au watatu wa kujilinganisha nao: mama yake, dada zake, labda bibi. Na wao wana damu moja naye. "Hata mama alikuwa hivihivi" ni maneno ninayoyasikia kila mara, na hutamkwa kama kitulizo. Kwangu mimi ni kengele. Uvimbe kwenye kizazi huelekea kufuata ukoo. Ugonjwa wa damu kutoganda vizuri mara nyingi hurithiwa.

Mwaka 1926 daktari wa Finland aitwaye Erik von Willebrand aliandika habari za familia moja ya visiwa vya Åland. Katika familia hiyo binti mmoja, Hjördis, alikuwa akitoka damu ovyo tangu utotoni, na dada zake kadhaa walishafariki kwa kutoka damu wakiwa wadogo. Hjördis aliponea utotoni, akavunja ungo, na akafa akiwa na miaka 13 katika hedhi yake ya nne. Ugonjwa ule leo unaitwa kwa jina la daktari, na si wa Wazungu peke yao. Ninaposikia binti amevunja ungo na hedhi zake za kwanza tu zimemlaza kitandani, sipendi kuambiwa kwamba atazoea akikua. Ni kweli miaka ya mwanzo hedhi huyumba kwa sababu mayai hayajaanza kupevuka kwa mpangilio. Lakini binti anayelowa pedi kwa saa, anayetoka damu puani au kwenye fizi mara kwa mara, au anayevilia damu mwilini bila kugongwa, anatakiwa apelekwe akapimwe namna damu yake inavyoganda. Kipimo hicho hakipo kila mahali. Hospitali kubwa kama Muhimbili wanacho, na njia ya kufika huko ni barua ya rufaa inayoanzia kwenye kituo chako.

Kuna jambo la ibada ambalo wanawake wenzangu Waislamu huniuliza kwa sauti ya chini, na ni vizuri nilijibu hapa kwa heshima. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi huku, hedhi ndefu kabisa ni siku 15. Damu ikiendelea baada ya hapo ni istihadha, na mwanamke anaoga na kuswali. Wapo wanaosikia hivyo wakadhani siku 14 za damu ni salama kwa mwili. Hukumu hiyo imewekwa imwongoze mwanamke lini aswali na lini afunge. Haisemi kwamba kutoka damu wiki mbili hakudhuru, na sheikh yeyote utakayemuuliza atakwambia kutafuta tiba ni jambo jema.

Turudi kwenye damu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo madhara yanapozaliwa. Kila mililita moja ya damu ina takriban nusu miligramu ya madini ya chuma. Mililita 80 zinaondoka na miligramu 40. Chakula, hata kikiwa kizuri, kwa kawaida kinaupa mwili miligramu 1 au 2 kwa siku, na mwili una matumizi yake mengine. Mwanamke anayetokwa na mililita 160 kila mwezi anatoa kuliko anavyoingiza, na akiba yake inakwisha kimyakimya. Matembele na mchicha ni mboga nzuri, ila chuma cha majani hunyonywa kidogo, na chai ya rangi tunayoshushia chakula inakizuia zaidi. Juisi ya rozela inywe kwa raha zake, lakini haiwezi kuziba pengo hilo. Juu ya hayo weka malaria, weka minyoo ya safura inayoingia miguuni kwa wanaolima pekupeku, weka mimba zinazofuatana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hiyo ni karibu nusu ya wanawake unaopanda nao daladala.

Sababu za damu kuwa nyingi ni kadhaa. Inayojulikana sana ni uvimbe kwenye kizazi, ambao si saratani kwa walio wengi, na huwapata zaidi wanawake weusi. Watu huuliza una ukubwa gani, na wakisikia mdogo wanapumua. Mahali ulipo ndipo panapoamua. Uvimbe mdogo uliojitokeza ndani ya nyumba ya uzazi unaweza kumwaga damu kuliko mkubwa ulioota kwa nje. Vipo pia vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa ndani, na hali ya ukuta huo kuingia kwenye msuli wa kizazi, ambayo huleta damu pamoja na maumivu makali. Homoni kuyumba ni sababu nyingine, hasa mwanzoni mwa ujana na kuelekea ukomo wa hedhi. Tezi ya shingo ikilegea kazi nayo huchangia. Njia za uzazi wa mpango zina nafasi yake: kitanzi cha shaba kinaweza kuzidisha damu, sindano ya miezi mitatu na vijiti huweza kuleta damu isiyo na mpangilio. Ukipata hali hiyo usikae nayo wala usihangaike kukitoa mwenyewe. Rudi ulikowekewa, ubadilishiwe. Na usisahau mimba. Damu nyingi baada ya kuchelewa siku zako inaweza kuwa mimba inayoharibika au iliyotunga nje ya kizazi, na hiyo inaweza kuua kwa saa chache.

Huku kwetu mengi ya haya huitwa chango, na zipo dawa za mizizi za chango kila kijiji. Mama yule wa mkungu alikuwa amezinywa kwa zaidi ya mwaka. Simlaumu, aliyempa alikuwa shangazi yake na alimpa kwa mapenzi. Ila dawa moja haiwezi kutibu uvimbe, homoni, mimba iliyoharibika na saratani kwa pamoja. Mtu lazima apimwe kwanza. Na dawa yoyote ya kuingiza ukeni ili kukausha damu, naomba kwa dhati, tuiache.

Ukifika kituoni mambo ya kufanywa si ya kutisha. Utapimwa mimba na wingi wa damu. Utaandikiwa picha ya utrasaundi, na isipopatikana karibu utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Morogoro. Mlango wa kizazi utaangaliwa, hasa kama unatoka damu baada ya tendo la ndoa.

Kuhusu tiba, hofu kubwa ninayokutana nayo ni kwamba "wataniondolea kizazi." Ndiyo, upasuaji wa kutoa kizazi upo, na kwa mwingine ndiyo nafuu yake. Lakini kabla ya kufika huko kuna safari ndefu. Vidonge vya ibuprofeni, vikinywewa kwa maelekezo siku za hedhi, hupunguza maumivu na damu kiasi. Aspirini isitumike, inazidisha. Vidonge vya majira, ambavyo wengi wanavijua kwa uzazi wa mpango, hupunguza damu na kuipanga. Kuna kitanzi chenye homoni, tofauti kabisa na kile cha shaba, ambacho kwa wengi hupunguza damu sana. Na kuna traneksamiki, dawa ambayo simulizi yake naipenda. Iligunduliwa Japani na daktari mwanamke, Utako Okamoto, pamoja na mume wake, na walitangaza matokeo yao mwaka 1962. Alipokuwa hana wa kumwachia mtoto, alimbeba mgongoni maabara akaendelea na kazi. Dawa hiyo haina homoni. Inazuia damu iliyokwisha kuganda isiyeyuke, na huweza kupunguza damu ya hedhi hadi karibu nusu ikinywewa zile siku chache nzito. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 21 zilizoshiriki utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, uliothibitisha kwamba dawa hiyohiyo huokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Inatolewa kwa cheti cha daktari, na aliyewahi kugandisha damu mguuni au kwenye mapafu lazima aseme.

Sambamba na hayo ni vidonge vya kuongeza damu. Vinywe pamoja na chungwa au ndimu, mbali na chai. Choo kitakuwa cheusi, usiogope, usiviache. Na damu ikishapanda endelea navyo kwa miezi kama mitatu, kwa sababu akiba ya mwili hujaa baada ya damu yenyewe.

Mama yule alikutwa na uvimbe. Aliongezewa damu, akaanza dawa, na shauri la kumfanyia upasuaji wa kutoa uvimbe na kuacha kizazi lilipelekwa kwa wajomba, kama ilivyo desturi ya ukoo wetu wa kuukeni. Mjomba mkubwa alikuja kituoni na kofia yake mkononi, akasikiliza mwanzo hadi mwisho, kisha akauliza tu: nauli ni kiasi gani na nani anahitajika kuchangia damu. Ningetamani kila mwanamume wa Uluguru aulize hivyo. Mwanamke anayekaa nyumbani siku tisa kila mwezi anakosa zaidi ya miezi mitatu kwa mwaka, na kaya nzima inaipata hasara hiyo. Pedi nazo ni gharama. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata, na kwa mama anayemaliza pakiti mbili au tatu kwa hedhi moja kila shilingi ina uzito.

Zipo hali ambazo hazingoji kesho. Ukilowesha pedi kila saa kwa saa mbili mfululizo, ukihisi unataka kuzimia, ukihema ukiwa umekaa, au ukitoka damu na kuna uwezekano wa mimba, tafuta bodaboda sasa, awepo na mtu wa kukushika nyuma, na uende. Na wewe bibi uliyekoma hedhi mwaka mzima au zaidi, tone moja tu la damu linatosha kukuleta hospitalini. Linaweza kuwa jambo dogo, linaweza kuwa mwanzo wa saratani, na saratani ikiwahiwa ina matibabu.

Kwa wengine wote, chukua daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa. Andika tarehe damu ilipoanza. Kila unapobadilisha, chora mstari mmoja kama pedi au kitambaa kimelowa kidogo, na alama ya msalaba kama kimelowa chote. Andika mabonge, andika umeamka mara ngapi, andika tarehe damu ilipokoma. Fanya hivyo hedhi mbili, isipokuwa ukiwa na dalili za hatari nilizotaja. Kisha uje na daftari lako, uliweke mezani mbele ya nesi au daktari, hata kama hakukuuliza. Ukija ukiwa bado mwezini utapokelewa na kupimwa vilevile. Usingoje damu ikatike.